Chai ya Tuwei

Anayetangulia kumaliza mazoezi humiminia mwenzake chai. Ndivyo walivyozoea wakimbiaji hao wawili. Zamani Lelei alikuwa hajafunga hata chupa ya chai, Tuwei keshafika, wanachekana. Tangu aanze kujidunga kwa siri sindano haramu za kuongeza damu na kasi, Lelei hukaa peke yake kwenye jiwe, akiitazama chai ya mwenzake ikifanya utando wa maziwa.

Asubuhi moja Tuwei alifika akihema. Aliuondoa utando kwa kidole, akainywa chai baridi yote.

“Ndugu yangu, niambie ukweli. Mimi nakosea wapi?”

Lelei akavuta mkono wa sweta, akafunika alama ya sindano.

“Hukosei kitu.”

Kesho yake barabara ilikuwa kimya tena. Lelei alimimina chai, akakifunika kikombe cha Tuwei kwa viganja vyote viwili, kisipoe.