Acha Inchi

Nilikuwa ninaunganisha ubavu wa gauni nilipoona kitambaa hakifiki. Mke wa mwanangu alikuwa amekikata juu ya mstari wa chaki, bila nafasi ya mshono. Mteja alikuwa alivae keshokutwa, na kitambaa kingine kama kile hakikuwapo.

"Si nilikwambia uache inchi moja?"

"Nimeiacha, mama."

"Iko wapi?"

"Ulisema niiache, nikaiacha. Sikuiweka."

Damu ilinichemka. "Unanichezea? Weka mkasi, kaa pale, utazame ninavyofanya."

"Nimetazama miezi minne." Aliuweka mkasi taratibu. Dole gumba lake lilikuwa na lengelenge lililopasuka. "Unasema, ninaitikia. Hata siku moja hujaniuliza nimeelewa nini."

Nilitaka kumjibu vibaya. Ni mara ngapi nimelisema neno hilo, acha, acha, nikidhani linaingia kichwani mwake kama lilivyotoka kinywani mwangu?

Hasira haikuniisha, ila sikujua tena nimkasirikie nani. Nilitandaza gazeti, nikamsukumia chaki.

"Nichoree hiyo inchi yako."

Akachora. Nikamuuliza kwa nini pale. Mpaka tunafunga duka tulikuwa bado tunabishana, na gauni tukaliacha mezani, ubavu wazi.