Familia ya Ukutani

Siku hizi ukianza kudunduliza malipo ya kwanza ya nyumba, benki inakuwashia familia ya picha zinazoongea ukutani, ikutie moyo usichoke. Sudi aliwashiwa mke na binti mtundu, Zawena. Kila akirudi kutoka kazini anakula ugali wake akiwatazama.

"Baba, umeweka leo?" Zawena akauliza.

"Bado, mama."

"Wewe nawe! Si imebaki mara moja tu, tuhamie?"

Sudi alijua akimaliza benki inazima ukuta, anapewa funguo za vyumba vitatu vitupu. Akatoka, akanunua viatu vya bei, na viatu anavyo.

"Umezitumia pesa tena, Baba Zawena?" mkewe akafoka.

"Nisamehe, mke wangu."

"Mwezi ujao, basi?"

"Mwezi ujao," akasema, akasogeza kiti karibu na ukuta.