Mama Aliyebaki Shinyanga

Sheria ilimruhusu mzazi kwenda kufanya kazi ughaibuni mradi aache nyumbani mashine yenye sura na sauti yake. Nyamizi aliondoka Shinyanga baada ya ukame kumaliza ng'ombe wote, huku bintiye Kabula, mwenye miaka miwili, akihitaji dawa za moyo.

Mwaka wa tatu, akiwa peke yake chumbani, alipiga simu.

"Kabula, ni mama."

"Mama yuko hapa, ananisuka," mtoto alijibu. "Wewe ni shangazi yupi?"

Nyamizi alisikia sauti yake mwenyewe ikimwambia mtoto atulie. Kisha sauti hiyo ikaja kwenye simu.

"Dada, dawa zimefika, asante. Mtoto anaendelea vizuri. Tafadhali usimchanganye tena."

Nyamizi alitaka kubisha, lakini alimsikia Kabula akicheka. Akasema asante, akakata simu.