Vyungu vya Uani

Siku niliyoacha chuo nilirudisha funguo, kitambulisho na elimu yangu. Ndiyo sheria: anayeondoka haondoki na alichojifunza pale. Kofia waliyonivalisha kuifuta kichwani ilikuwa na joto kidogo, basi. Miaka ishirini ya utafiti wa udongo ikabaki kwao, nami nikaja nyumbani kufinyanga vyungu na kufundisha yoga, nikijiambia mikono inatosha. Kumbe hata mikono ilikuwa ikiniuliza mimi la kufanya. Kila nikichoma vyungu, vinapasuka.

Jana Nakijwa, niliyewahi kumfundisha chuoni na ambaye bado yuko huko, alibaki uani baada ya yoga. Akaokota kigae, akakigeuza, akatabasamu.

“Udongo wa huku una chokaa, Mwalimu. Ndiyo inayovipasua. Dawa yake ni rahisi sana.”

“Nani aliigundua?”

Tabasamu likamfifia. “Ni wewe, Mwalimu.”

Nikamshika mkono. “Basi niambie, mwanangu. Dawa yenyewe ni ipi?”

Akakirudisha kigae chini, taratibu. “Siruhusiwi. Ni mali ya chuo.”

Akaniaga kwa kupiga goti, kama zamani.

Leo nimewasha moto tena. Nimekaa kando, nasubiri mlio wa kwanza.