Dumuzi Kwenye Sahani Nyeupe

"Sogeza simu karibu zaidi, mama, nione miguu yake," bwana shamba aliandika.

Bi Tumpe alimweka dumuzi kwenye sahani nyeupe, akainama, akabana pumzi, akapiga picha na kuituma. Ilikuwa Jumatatu ya nne akiuliza ni mdudu gani anayetafuna mahindi yake. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimwandikia.

Jibu lilichelewa.

"Mama, mbona huyu ni yule yule? Mguu mmoja wa mbele haupo, kama wiki jana. Dawa niliyokupa si ilishawamaliza?"

Bi Tumpe aliiweka simu kando. Alimrudisha mdudu kwenye chupa, akamwongezea punje moja ya mahindi. Kwenye kioo cha simu likatokea neno "anaandika", likapotea, likatokea tena.