Nukta Tatu Chini ya Kifuniko

Kifuniko kilipoachia, fundi aliona nukta tatu. Akamgeuzia mteja mgongo haraka, asije akausoma uso wake.

Nukta tatu zilizogongwa kwa msumari. Zake. Kila bomba la vepu, ile sigara ya betri, lililopita mikononi mwake lilitoka na alama hiyo kwa ndani, maana aliamini ipo siku watu watauliza kazi hii ni ya nani, na jina lake litavuma. Angeachana na kichumba hiki na tupa ya mkono, angepata mashine ya kukereza kama watu.

Sasa mtu alikuwa amekuja kuuliza.

"Umeweza?" aliuliza yule dada kutoka kwenye benchi. "Sisi nyumbani kimetushinda. Kimeganda kabisa."

"Joto hilo, dada. Mmelitumikisha nini hili bomba?"

"Ni la kaka yangu. Alilinunua mkononi mwa mtu, hata simjui. Namtafuta fundi aliyelitengeneza."

"Kwa nini asije mwenyewe?"

"Hawezi. Hata sauti hana." Dada alishusha pumzi. "Tangu juzi nyumbani hakulaliki. Watu wanaingia, watu wanatoka. Mama ni kulia tu."

Fundi akaligeuza bomba mkononi.

Alilikumbuka vizuri. Lilipoletwa lilikuwa takataka ya dukani: betri inatoa volti nne nukta mbili, zikifika kwenye koili, ule waya unaotoa moshi, zimebaki tatu nukta sita. Nyingine zimepotea njiani, kwenye meno machafu ya skrubu na kwenye springi ya swichi. Akayasugua yale meno kwa msasa laini mpaka yakang'aa. Akapachika kipande cha fedha mahali swichi inapogusa betri. Springi akaing'oa, akaweka sumaku mbili. Mita ikasoma nne nukta moja, naye akacheka peke yake kama mwehu.

Ila ile springi, pamoja na uvivu wake, ilikuwa mlinzi. Betri ikichachamaa, springi hulegea kwa joto na umeme hukatika. Sumaku hazina adabu hiyo. Na wiki iliyopita mtaa mzima ulikuwa na habari ya bomba lililomlipukia mtu mdomoni, huko mtaa wa pili.

"Springi ni ya waoga," ndivyo alivyozoea kuwaambia wateja, akiwacheka.

Leo shaba aliyoishika ilikuwa nyeusi tii upande wa koili.

"Ngoja nikisafishe hiki kifuniko, ndipo nione vizuri," akasema, akachukua tupa ndogo. Kruu, kruu, kruu. Nukta ya kwanza ikaenda. Ya pili. Ya tatu. Akaupuliza unga wa shaba, roho ikarudi mahali pake.

"Nasikia mafundi huacha alama zao ndani," alisema dada.

"Wanaojiheshimu. Huyu hakuacha, na angeacha ningemshangaa." Sauti ya fundi ilipata nguvu, kudharau ndiyo kazi aliyoimudu kuliko zote. "Ona hapa palivyokwanguliwa, utadhani sufuria lililoungua. Na hii fedha! Ameigongomea kama soli ya kiatu. Dada, huyu si fundi, huyu ni mchinjaji mwenye bisibisi."

"Kwa hiyo si wewe?"

"Mimi? Usinitukane asubuhi yote hii."

Dada akainamisha kichwa, kama mtu aliyepotewa na kitu. "Samahani, kaka. Ni kwamba wote wamenielekeza kwako. Wanasema anayethubutu kung'oa springi ni wewe peke yako."

"Wanasema! Vuka barabara, yule mzee wanayemwita Springi. Mbele za watu anahubiri usalama, nyuma ya pazia anang'oa kuliko sisi sote. Kazi yake hii, naijua kama ninavyoyajua meno yangu."

Uongo mtupu. Mzee Springi hakuwahi kung'oa springi hata ya kalamu.

"Una hakika?"

"Akibisha, niite. Nitamwambia usoni."

Dada alilifunga bomba ndani ya kitambaa, akashukuru, akaondoka. Fundi akasimama mlangoni, mikono kifuani, midomo imempinda kwa kebehi. Acha mzee akione cha moto. Miaka yote anajifanya mtakatifu.

Ng'ambo, Mzee Springi alilichungulia bomba, akatikisa kichwa. Dada akanyoosha kidole kuelekea kwa fundi. Mzee akatikisa kichwa tena. Ndipo dada akatumbukiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa kitu kilichong'aa juani, na mzee akavua miwani.

Fundi akavuka barabara mbio, asipitwe na neno.

"Ni kombe la mashindano ya kupuliza mawingu ya moshi," dada alikuwa akisema. "Ukumbi mzima hakuna bomba lililotoa moshi kama hili. Kaka ameshangilia mpaka sauti imekauka, na mama analia kwa furaha hadi leo. Wenye kiwanda cha vepu wanamtaka fundi: wanampa karakana, mashine ya kukereza, na jina lake litachongwa kwenye kila bomba watakalouza. Nimekuwa nikificha, mzee wangu, maana ningetangaza mapema, mtaa huu kila mtu angekuwa fundi. Basi sema kweli. Unatikisa kichwa kwa unyenyekevu tu, au kazi hii ni yako?"

Mzee Springi alilitazama kombe. Akamtazama fundi, aliyesimama pale kinywa wazi, unga wa shaba ukimeta vidoleni. Akavaa miwani yake polepole.

"Ni yangu, mwanangu," alisema. "Na ukiwa na shaka, muulize huyu jirani yangu. Amekuja mwenyewe kunitolea ushahidi."