Kadi ya Picha ya Dola Mia na Arobaini

Britta alikuwa juu ya kitanda, simu mkononi, akirukaruka kama bisi kwenye sufuria. Mtu asiyemjua, anayejiita Mvuvi wa Barafu, alikuwa amekubali kushusha bei hadi dola mia na arobaini.

Chini, sakafu yote ya chumba chao cha chuo pale Duluth, Marekani, ilikuwa maboksi matupu. Miezi minne alikuwa anaikusanya kompyuta yake ya gemu kipande kwa kipande. Prosesa alichukua toleo la mwaka juzi, maana la mwaka huu linataka uuze figo. Kasha alichukua lisilo na taa hata moja, kwa sababu taa haziongezi spidi. Pawa saplai, kile kifaa cha kugawa umeme, peke yake ndiyo hakuibania. Huo ni mwiko: ukinunua ya bei chee, siku ikilipuka inaondoka na ukoo mzima wa vipande.

Kilichobaki ni kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, na bila kadi hiyo vyote vile ni pambo la meza. Mashindano ya gemu ya chuo yalikuwa kesho. Dukani kadi mpya ilikuwa mia tatu na ushee. Yeye alikuwa na mia na arobaini, hazina ndugu.

Kalia, wa kitanda cha pili, ndiye aliyemtia wasiwasi. Alimkumbusha Britta kisa cha binamu yake, yeye Kalia, aliyenunua kadi kwa mtu wa mtandaoni, akafungua boksi nyumbani, akakuta pakiti ya unga wa chapati maji.

"Tena ule wa ndizi," Kalia alisema. "Angalau tulikula."

Basi Britta akaanza kumhoji muuzaji kwa meseji. Kadi imewahi kuchoshwa na kazi ya kuchimba sarafu za mtandaoni? Hapana, imechezewa gemu za kuvua samaki tu. Mbona anaiuza? Anafanya kazi kwa zamu, hapati tena muda. Risiti anayo? Anayo, na hata mfuko wa plastiki ambao kadi ilikuja nao ameutunza. Majibu yalikuja mafupi, yamenyooka, kila nukta mahali pake. Kalia akasema matapeli wa siku hizi wamesoma.

Britta akapendekeza wakutane kwenye maegesho ya kituo cha polisi, zile nafasi mbili zenye kamera ambazo mji umewatengea watu wanaouziana vitu mtandaoni. Alijua kama ni mwizi, hapo atajikwaa. Mvuvi alijibu kabla hajaishusha simu: hapo panamfaa sana.

"Amekubali haraka mno," Kalia alisema. "Shoga, huyo ana lake jambo."

Hapo ndipo Britta, furaha na hofu zimemkaba pamoja, akatunga uongo. Aliandika kwamba kaka yake mkubwa ni polisi wa kituo hichohicho, na atakuwa dirishani anawatazama. Britta hana kaka. Ana dada wawili na paka.

Mvuvi akauliza huyo kaka anaitwa nani.

"Keshaogopa," Britta alinong'ona, akaandika bila kupepesa: Sajini Haugen, upelelezi, mwaka wa tisa kazini.

Jibu likaja kwamba sawa, atafurahi kumwona.

Saa tisa alasiri walikuwa wamefika kituoni, ndani ya gari bovu la Kalia ambalo hita yake inampuliza dereva tu. Britta alikuwa amevaa makoti mawili na pesa ziko ndani ya soksi. Akatokea jamaa mwenye kofia, amekumbatia boksi, anaangaza huku na huku. Kalia akazikamata funguo kama kisu. Kumbe jamaa alikuwa analeta kiti cha gari cha mtoto kwa mama aliyeegesha pembeni yao.

Zikapita dakika tano. Zikapita kumi. Kalia akasema jamaa keshatokomea, jina la sajini limemtoa mbio. Britta aliona mashindano ya kesho yakimponyoka, na kibaya zaidi, akaanza kuhisi kwamba huenda amemtisha mtu wa watu, mwenye risiti yake na mfuko wake wa plastiki. Akaandika kwa vidole vilivyokufa ganzi: uko wapi?

Natoka sasa hivi, Mvuvi alijibu.

Mlango wa kituo ukafunguka. Akatoka mwanamume mrefu, sare imepigwa pasi, bastola kiunoni, kadi ya picha ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Akaja taratibu juu ya theluji hadi kwenye dirisha la Britta, akainama.

"Samahani kwa kukuweka, dada," alisema. "Nilikuwa napekua orodha ya zamu, namtafuta kaka yako."